Gari la kila siku, gari la siku ya maafa: lipi likufae?

Ukitaja gari la kujiandaa kwa maafa, wengi huwaza jipu refu lenye matairi ya kukwea miamba, winchi mbele na madumu ya mafuta mgongoni, limeegeshwa likisubiri siku yake. Mimi silitaki gari la namna hiyo. Gari linalosubiri huoza likisubiri: betri inakufa, matairi yanapata nyufa, mafuta yanachacha ndani ya tangi, na siku king'ora kinapolia hakuna anayekumbuka ufunguo uko wapi. Gari litakalokutoa ni lile ulilokwenda nalo kazini jana. Unaijua kila kelele yake, na breki zake umezigusa asubuhi ya leo.

Kwa hiyo magari ninayoyaweka hapa kwenye mizani ni ya kawaida, yale ambayo mtu anayetafuta usafiri wa nyumbani angeyafikiria kwa vyovyote. Nataka tuone lipi linabeba siku mbaya pia bila kuharibu siku njema.

Watu hunaswa wapi

Kabla ya kulinganisha, tuangalie yaliyokwisha kutokea. Septemba 2005, Kimbunga Rita kilipoelekea pwani ya Texas, zaidi ya watu milioni mbili waliingia barabarani karibu kwa wakati mmoja. Safari za saa chache zikawa za siku nzima. Magari yaliishiwa mafuta yakiwa kwenye foleni, joto likapanda, na kuna waliopoteza maisha kwenye safari ya kukimbia kabla hata upepo haujafika. Mei 2016, moto wa msitu ulipouzingira mji wa Fort McMurray nchini Kanada, karibu watu 90,000 walihamishwa, na barabara kuu ya kutoka kuelekea kusini ilikuwa moja tu. Ilibidi mafuta yapelekwe kando ya barabara hiyo kwa waliokwama. Huko Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, moto uliua watu 85, na picha nyingi za siku ile ni za magari yaliyoachwa barabarani, milango wazi.

Katika matukio haya yote, kikwazo hakikuwa mwamba wala jangwa. Kilikuwa foleni, tangi tupu na muda uliopotea. Ongeza mafuriko, ambayo nitayasema peke yake kwa sababu ndiyo yanayoua madereva wanaojiamini kuliko wengine wote. Basi gari nalipima kwa mambo haya: linafika umbali gani likiwa na nusu tangi huku likisimama-simama, linabeba nani na kilo ngapi bila kuzidiwa, likiumia njiani, kuna cha kufanya, na usiku likigeuka kuwa nyumba, watu watalala.

Haibridi au dizeli ya 4x4?

Huu ndio mvutano mkubwa, na ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne lenye injini kubwa ya dizeli lina sifa zake za kweli. Uvungu wake uko juu, chesisi yake ni ngumu, linapita kwenye matope na vifusi ambavyo gari la chini litakwaruza sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kupasua bomba. Dizeli yenyewe haishiki moto kwa urahisi kama petroli, na ikihifadhiwa vizuri inadumu muda mrefu zaidi. Mtu anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi inayogeuka mto wa tope kila mvua ikinyesha hahitaji kushawishiwa.

Lakini tazama mafuta. Tukichukua gari kama hilo lenye tangi la lita 80, linalotumia lita 11 kwa kilomita 100, nusu tangi inakufikisha kama kilomita 360. Haibridi ya familia, yaani gari la petroli lenye pia mota ya umeme na betri yake, ikiwa na tangi la lita 43 na inatumia lita 5 kwa kilomita 100, nusu tangi yake inakufikisha kilomita 430. Tangi dogo linaenda mbali kuliko tangi kubwa. Na hapo bado hatujaingia kwenye foleni. Injini ya kawaida ikinguruma pale ilipo hula mafuta bure, nusu lita hadi zaidi ya lita moja kwa saa kutegemea ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Haibridi huzima injini yenyewe, inasogea taratibu kwa umeme wa betri, na injini inaamka kwa dakika chache tu pale betri inapopungua. Ile foleni ya Rita, ya saa kumi na tano za kusogea mita chache na kusimama, ni mahali ambapo gari hili linatumia nguvu yake vizuri kuliko popote.

Halafu fikiria mgao. Baada ya Kimbunga Sandy mwaka 2012, New Jersey na New York waliamua watu wanunue mafuta kwa zamu, siku moja wenye namba za usajili zinazoishia na tarakimu shufwa, siku inayofuata witiri. Tuseme umesimama kwenye mstari na unapata lita 20 tu. Kwa haibridi hizo ni kilomita 400. Kwa lile jipu ni 180. Lita zile zile, lakini mmoja anafika kwa ndugu zake wa mbali na mwingine anaishia katikati ya njia.

Dizeli za kisasa zina jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Nyingi zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na kichujio hicho hujisafisha gari linapokwenda safari ndefu na injini ikapata moto wa kutosha. Ukilitumia kwa vijisafari vya dakika kumi mjini, kinaziba na taa ya onyo inawaka. Nyingine zinahitaji AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, na kikiisha, ukizima injini haitawaka tena mpaka ujaze. Hebu waza hilo limetokea usiku, vituo vyote vimefungwa. Ukichagua dizeli ya aina hiyo, kopo la akiba la AdBlue liwe sehemu ya vifaa vyako kama ilivyo jeki.

Haibridi nayo ina udhaifu wake. Hata betri yake kubwa ikiwa imejaa, gari haliwaki kama ile ndogo ya volti 12 imekufa, na ile ndogo hufa gari likikaa wiki kadhaa bila kuguswa. Beba kifaa cha kushtua betri, kile kidogo kinachokaa kwenye droo ya gari. Pia haibridi nyingi hazina tairi la akiba. Mahali pake pamewekwa betri au kopo la gundi ya kuziba pancha. Gundi inaziba tundu la msumari. Haitibu tairi lililochanwa ubavuni na bati au kioo, na baada ya tetemeko au dhoruba barabara hujaa vitu hivyo. Kabla ya kununua, inua zulia la buti kwa mkono wako. Kama hakuna spea, uliza kama la ukubwa kamili linaweza kupatikana, na litakaa wapi.

Kwa kaya inayoishi kwenye lami, au kwenye barabara ya changarawe inayopitika mwaka mzima, haibridi inashinda. Nasema hivyo nikijua inawaudhi wapenzi wa jipu. Asiye na uwezo wa kupata haibridi, gari dogo la petroli lenye injini isiyozidi lita moja na nusu linaikaribia haibridi kuliko 4x4 inavyoikaribia.

Maji hayajali beji ya gari

Watengenezaji huandika kina cha maji ambacho gari linaweza kuvuka. Toyota Hilux imeandikiwa milimita 700, Ford Ranger milimita 800. Namba hizo ni za kweli, na ni za maji yaliyotulia, mwendo wa taratibu, na sakafu imara unayoijua. Mafuriko hayana hata moja kati ya hayo. Maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kwa kasi yanatosha kuliinua gari dogo likaelea. Sentimita 60 huyasomba magari mengi, pikapu na majipu yakiwemo. Gari ni sanduku lenye hewa ndani, na maji yakishapita sakafu huanza kulibeba. Uzito unaouona kwenye karatasi hauko tena juu ya matairi, matairi hayashiki, na usukani unazunguka bure. Zaidi ya hapo, chini ya maji ya kahawia huoni kama barabara bado ipo.

Ndiyo maana uvungu wa juu nauhesabu kwa ajili ya vifusi, mashimo na matope, siuhesabu kwa ajili ya mto. Maji yanayokwenda mbele yako ni ukuta, geuza. Injini ikinyonya maji kupitia mdomo wa hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, fimbo zinapinda, na gari limekwisha kazi hapo hapo. Katika jambo hili tofauti ya jipu na gari la chini ni ndogo mno kiasi kwamba haifai kuamua ununuzi wako.

Umeme

Watu hulikataa gari la umeme haraka: umeme ukikatika utafanyaje? Ni swali halali, ila pampu za mafuta nazo zinatumia umeme. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 nchini Japani, kulikuwa na sehemu ambazo umeme ulirudi kabla ya mafuta kupatikana, na magari ya umeme yakatumika kusafirisha madaktari na misaada wakati ya petroli yakisubiri kwenye mistari.

Kwenye foleni ndipo gari hili lina raha. Likisimama halitumii karibu chochote isipokuwa kiyoyozi au kipasha joto, kilowati moja au mbili. Betri ya kilowati-saa 60 ikiwa nusu inaweza kuwaweka watoto kwenye hewa nzuri kwa saa 15 na zaidi. Na mengine hutoa umeme nje: Hyundai Ioniq 5, kwa mfano, hutoa hadi kilowati 3.6. Jokofu la nyumbani linalotumia kilowati-saa moja na nusu kwa siku, lenye dawa za mgonjwa ndani, litakaa na nusu ya betri ile kwa siku kadhaa. Hakuna gari la petroli linaloweza kazi hiyo kimya kimya, bila moshi. Haibridi kadhaa za Kijapani nazo zina soketi ya wati 1,500, na hiyo inatosha jokofu, taa na simu.

Ubaya wake ni safari ndefu katika eneo lililo gizani lote. Dumu la lita 20 huwezi kulijaza umeme. Pia betri iliyozama kwenye maji ya chumvi ni hatari: baada ya Kimbunga Ian, Florida, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalishika moto siku kadhaa baadaye. Likishazama, liache mbali na nyumba.

Kwa hiyo gari la umeme peke yake ninalipendekeza kwa mwenye sola nyumbani, au kwa anayeishi penye maafa yanayotoa taarifa mapema, kama vimbunga, ambapo utalijaza hadi asilimia 100 siku mbili kabla. Kwa kaya yenye magari mawili, moja la umeme na moja la mafuta ni ndoa nzuri kuliko majipu mawili.

Kilo, viti, na mahali pa kulala

Hapa watu hawapigi hesabu kabisa. Gari la kawaida la abiria watano linaruhusiwa kubeba kilo 400 hadi 500, watu wakiwemo. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375. Maji ya watu watano kwa siku tatu, lita nne kwa siku kwa kila mmoja, ni kilo 60. Bado chakula, nguo, mablanketi, nyaraka, labda kiti cha magurudumu cha bibi. Umeshazidi, na tairi lililozidiwa siku ya joto kali hupasuka. Namba halisi mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Isome kabla ya kusoma kingine chochote. Utashangaa: baadhi ya majipu makubwa ya viti saba hayaruhusiwi kubeba zaidi ya gari la kawaida, maana uzito wake wenyewe umekula nafasi.

Pikapu inabeba hadi tani moja, na kwa mkulima au fundi ndiyo jibu bila mjadala, kwani kesho yake itabeba mabati na mchanga wa kujengea upya. Lakini bodi yake iko wazi. Mvua inaingia, vitu vinaibwa kwenye foleni, na kumpakia mtu nyuma kwenye msukosuko ni kumweka hatarini. Ukiichagua, iwe ya kabini mbili na bodi iwe na kifuniko kinachofungwa kwa kufuli.

Basi dogo la familia, lile lenye mlango wa kuteleza, halisifiwi na mtu, nami nalitetea kwa moyo wote. Viti saba au vinane, sakafu iko chini kiasi kwamba mzee anaingia bila kubebwa, mlango unafunguka hata gari likiwa limebanwa ubavuni, na viti vya nyuma vikikunjwa watu wawili wanalala wamejinyoosha. Familia kubwa yenye basi dogo la haibridi ina karibu kila kitu nilichokitaja hapa. Stesheni wagoni, lile gari la chini lenye buti refu, inafuata kwa familia ya watu wanne. Magari haya mawili uvungu wake ni wa chini. Kubali hilo, uchague njia mapema.

Mizigo ya paani iwe ya mwisho. Paa nyingi huruhusu kilo 75 hadi 100 tu, gari linayumba kwenye kona, na mafuta yanakwenda haraka.

Na ukilala garini, injini isiwe inawaka mahali palipofungwa. Wakati wa baridi kali ya Texas, Februari 2021, watu walipoteza maisha kwa moshi wa gari baada ya kukaa ndani ya gereji wakitafuta joto. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Tope au theluji ikiziba mdomo wa bomba la moshi, hatari ni ile ile hata nje.

Pikipiki

Pikipiki ya cc 125 inatumia kama lita 2 kwa kilomita 100, inapita katikati ya foleni, inapanda njia ya mguu. Kwa mtu mmoja mwenye afya, hakuna kinachoikaribia. Kwa mtoto mchanga, mgonjwa, au moto wa msitu wenye moshi unaokaba koo, haifai hata kidogo. Iwe ya pili nyumbani, ya kwenda kutazama njia na kuleta dawa.

Kuukuu au jipya, na gia zipi

Wapo wanaosifu magari ya zamani yasiyo na kompyuta, kwamba yanatengenezeka kwa waya na koleo. Ni kweli kwa fundi. Kwa asiye fundi, gari la miaka thelathini ni mipira ya maji iliyokakamaa, radieta iliyochoka na kukosa mifuko ya hewa siku ambayo kila mtu anaendesha kwa hofu. Mimi nachukua gari la miaka mitano hadi kumi lenye rekodi ya matengenezo, la aina iliyozagaa mitaani. Corolla imeshauzwa zaidi ya milioni 50 duniani, na faida yake kubwa siku ya maafa ni kwamba fundi yeyote ameshaifungua, na spea zake zimo hata kwenye magari yaliyoachwa.

Gia za mkono zinakuruhusu kuliwasha kwa kulisukuma. Lakini kuna swali zito zaidi: nani nyumbani anaweza kuliendesha? Kama ni baba peke yake, na siku hiyo yuko kazini ng'ambo ya daraja lililofungwa, gari hilo halipo. Ndugu aliyefundishwa otomatiki, kijana mwenye leseni mpya, mama mwenye goti bovu, wote waweze kuliwasha na kuondoka nalo. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi nazishauri otomatiki, na ufunguo wa pili mahali wanapopajua watu wazima wote.

Siku ya kwenda kulitazama

Usiende peke yako. Chukua familia yote na mabegi yaliyojaa kweli, pakia, kaa, funga mikanda, uone kama kioo cha nyuma bado kinaonekana. Soma kibandiko cha kilo. Inua zulia, tafuta spea, jeki na spana, halafu toa tairi moja ulirudishe. Nati zilizokazwa kwa mashine nyingine hazitoki kwa spana fupi, na ni heri ulijue hilo mchana ukiwa na muda. Angalia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha amua pale pale kwamba mshale wa mafuta haushuki chini ya nusu tena, na ukitoka kwa muuzaji pitia kituo cha kwanza ukajaze.